Fundi Aliyesikiliza Makopo

Jumamosi tarehe 9 Machi 2024, saa tatu na dakika kumi asubuhi, fundi magari mstaafu mwenye umri wa miaka sitini na mitatu alinunua makopo mia moja arobaini na manne ya chakula yasiyo na lebo. Risiti ipo. Imebanwa kwa sumaku kwenye mlango wa friji, na si yeye aliyeibana pale.

Mtaani anaitwa Fundi Sikio. Kwa miaka thelathini na minne alitambua ugonjwa wa gari kwa kugusisha ncha ya bisibisi ndefu kwenye injini na kuuweka mpini wake sikioni. Beringi iliyochoka, husema, inalalamika. Valvu iliyolegea inabisha hodi kama mgeni asiye na uhakika na nyumba. Watu walileta magari kutoka mbali, na mara nyingi alipatia. Miaka miwili kabla ya habari hii mgongo ulimgomea, akafunga gereji, akakaa nyumbani wiki tatu akisikiliza friji.

Mkewe, muuguzi wa wodi ya wazazi, ndiye aliyemkabidhi kapu la sokoni.

"Baba Pacha," alimwambia, "friji ni nzima. Nenda kanunue vitunguu."

Alinunua vitunguu kama mtu aliyepewa wizara. Hakutoka nyumbani kabla ya kunywa chai na mkate, kwa sababu siku aliyokwenda na njaa alirudi na biskuti za aina nne. Alibeba kipande cha boksi alichoandika bei ya kila kitu kwa kilo, ili paketi ndogo zenye mapambo zisimzuge. Mchele alinunua gunia zima pamoja na jirani yake kinyozi, wakagawana barazani kwa mizani. Nyanya alizifuata jioni, saa ambayo wauzaji wanataka kwenda nyumbani kuliko wanavyotaka faida. Baada ya miezi michache walikuwa wakimwita akiwa bado mbali: "Fundi, hebu njoo uikague hii mizani!" Tangu gereji ifungwe hakuna mtu mwingine aliyekuwa akimwomba akague chochote.

Makosa yalikuwepo. Aliwahi kununua siki lita ishirini kwa bei ya jumla, na mpaka leo madirisha ya nyumba ile, yanayosafishwa kwa siki hiyo, yanang'aa kuliko ya benki. Mkewe alivumilia. Kisha yakaja makopo.

Bomba lilikuwa limepasuka kwenye ghala moja la vyakula. Maji yalilowesha katoni na kubandua lebo zote, na mwenye ghala akawa anauza makopo kwa nusu bei. Fundi alimuuliza ndani mna nini.

"Chakula, mzee," mwenye ghala alijibu. "Yako mazima, hayajavimba wala hayajatoboka. Ila kujua hili lina nini na lile lina nini, hiyo ni kazi ya Mungu."

"Ni kazi ya sikio," Fundi akasema, akaagiza katoni sita.

Yalifika nyumbani kwa mkokoteni. Mkewe aliyatazama, akageuza matatu au manne akaangalia kitako, akayarudisha mahali pake. Fundi alikwisha kuchukua bisibisi.

Kazi ya kuyapanga ilimchukua siku nne. Alilaza kila kopo juu ya taulo, akalisikiliza huku akilitikisa kwa mkono wa kushoto, kisha akaandika juu yake kwa kalamu ya wino mzito. Makopo arobaini na moja yalikuwa maharage. Thelathini yalikuwa mahindi, ishirini na mawili nanasi, thelathini na manane samaki. Kumi na matatu yaliyobaki aliyaandika "injini imekufa" na kuyasukuma chini ya meza. Kinyozi, aliyepita kuomba siki, alisimama mlangoni akiangalia.

"Samaki unamjuaje, Fundi?"

"Ana mifupa. Sikiliza." Akamwekea mpini sikioni.

Kinyozi alisikiliza kwa adabu. "Nasikia bahari," akasema.

Jumapili ya tarehe 17, baada ya chakula cha mchana, mkewe alifuta meza na kuleta kifungua kopo na mabakuli kumi. Kinyozi aliitwa awe shahidi.

"Tutafungua kumi," alisema. "Ninachagua mimi, kutoka kila rundo. Wewe unasikiliza tena, unataja, mimi nafungua. Ukipatia saba, endelea na kapu lako, sitasema kitu tena, hata ukileta siki nyingine. Ukishindwa, sokoni nitakwenda mwenyewe."

"Wewe una zamu za usiku, Mama Pacha. Sokoni utakwenda saa ngapi?"

"Hilo niachie mimi."

Fundi alitazama kapu lililoning'inia kwenye msumari nyuma ya mlango. Kisha akavuta kiti. "Lete."

Kopo la kwanza lilitoka kwenye maharage. Alilisikiliza, akatabasamu. "Maharage. Tena yale makubwa."

Mkewe alifungua. Zilikuwa njegere.

"Si mbali," alisema Fundi. "Zote ni jamii moja."

"Si maharage," alisema mkewe, akamimina kwenye bakuli.

La pili alilitaja nanasi, na hapo hakuwa na wasiwasi hata kidogo, kwa kuwa vipande vya nanasi vinateleza kwa sauti ya mtu mwenye ndala kwenye sakafu yenye maji. Zilikuwa njegere. La tatu aliliita mahindi, akalisikiliza mara ya pili, akaapa kwamba ni mahindi. Zilikuwa njegere, zimejaa hadi kwenye ukingo.

Kinyozi alikuwa wa kwanza kupiga hesabu. Makosa matatu, yamebaki makopo saba, yanatakiwa saba. Akainamia sikio maarufu la Fundi.

"Mzee, sema njegere."

"Sijalisikia bado."

"Usilisikie! Sema njegere, tukale njegere, twende zetu!"

"Shahidi anyamaze," alisema mkewe.

Kopo la nne lilitoka kwenye rundo la samaki. Fundi aliweka bisibisi, akafumba macho, na uso wake wote ukaonyesha kwamba alikuwa akisikia samaki. Alifungua macho na kuliangalia kapu tena. Aliwafikiria, alisema baadaye, wauza nyanya.

"Njegere," akasema, kama mtu anayetia sahihi maelezo ya polisi ambayo hakuyatoa.

Zilikuwa njegere. Kinyozi alipiga makofi. La tano likawa njegere, na la sita, na la saba. Kila mara Fundi alisikiliza kwanza, kwa sababu asingeweza kutaja bila kusikiliza, na kila mara alisikia kitu kingine. La nane alilisikia maharage akalitaja njegere kwa sauti ndogo. La tisa likawa vivyo hivyo. Mabakuli tisa ya kijani yalijipanga mezani kama shamba dogo. Alikuwa amepatia sita. Lilibaki moja.

Mkewe aliingia chini ya meza, akachomoa kopo lililoandikwa "injini imekufa," akaliweka mbele yake.

Hilo ndilo lililomponza. Fundi aliligusa kwa bisibisi, akalitikisa, na kopo ambalo siku nne zile halikutoa hata mguno lilimjibu. Alisogea. Akalitikisa tena. Uso wake ukang'aa kama siku aliyofufua lori la mtu wa machimbo baada ya mafundi watatu kushindwa.

"Mzee," alisema kinyozi, akiwa amesimama. "Mzee wangu. Nakuomba. Neno moja tu."

"Huyu ni samaki," alisema Fundi.

"Fundi!"

"Nimesema uongo mara sita leo. Huyu ninamsikia. Samaki, vipande vitatu, kwenye mafuta."

Mkewe aliweka kifungua kopo juu ya kifuniko na kwa mara ya kwanza hakuwa na haraka. Kinyozi alifunika macho. Kifuniko kikanyanyuka.

Zilikuwa njegere.

Fundi alichukua kijiko, akachimba hadi chini kabisa ya kopo, akitafuta. Kisha akaweka kijiko mezani.

"Wewe ulijua," akamwambia mkewe.

"Namba za kitakoni ni zilezile kwenye kila kopo. Wodini nasoma namba za boksi za dawa kutwa nzima. Nilijua yote ni kitu kimoja." Aliketi. "Kitu gani, hicho sikukijua. Nilikuwa naomba Mungu iwe samaki."

Kinyozi alicheka mpaka akaegemea friji. Fundi hakucheka, lakini hakununa pia. Alinyanyuka taratibu, mgongo ukimsumbua, akalitoa kapu kwenye msumari na kumkabidhi mkewe kwa mikono miwili.

"Bei ilikuwa nzuri, lakini," akasema.

"Bei ilikuwa nzuri sana," alikubali mkewe. "Kwa mtu anayependa njegere."

Kinyozi alirudi kwake na mabakuli manne. Makopo mia moja thelathini na manne yamepangwa chini ya kitanda, na maandishi ya maharage, nanasi na samaki bado yapo juu yake, kwa sababu Fundi amekataa kuyafuta.

Jumamosi mkewe akitoka zamu atakwenda sokoni moja kwa moja. Fundi atamkuta kwenye lango la soko ili ambebee mizigo. Ameruhusiwa kuchagua kitu kimoja, nyanya, kwa kuwa zinaonekana.