Msichana Aliyelia Kunishinda Mimi Mjane

Mume wangu alikuwa mtu wa haya. Alichomelea milango ya chuma hapa Butembo kwa miaka mingi, na mteja akiwa mwanamke, alimweleza bei dereva wa pikipiki aliyemleta, huku mwanamke mwenyewe amesimama hapo hapo. Hata mimi nilichumbiwa kwa mdomo wa dada yake. Naandika haya kwanza ili ijulikane ni mtu wa namna gani aliyepata, siku nne baada ya kufa, sifa ya kuwa na msichana wa chuo kikuu. Aliyempa sifa hiyo ni mimi.

Ninafagia katika chuo kimoja cha mji huu. Kati ya vyumba vyangu kuna kimoja kilichofunguliwa kwa tarumbeta na hotuba: chumba cha kuwasikiliza wanafunzi waliobakwa au kusumbuliwa. Mlango wake unatazama uwanja ambapo wanafunzi wote hukaa kungoja masomo, na juu yake wameweka kibao kikubwa chenye picha ya msichana anayelia. Anayeingia pale anaonwa na watu mia. Basi mwaka mzima niliona wakiingia wa kuchaji simu na wa kuazima viti. Mama msikilizaji, mwanamke mpole aliyesomea kazi hiyo, alikuwa ameshafuma vitambaa vya meza vya ukoo wake wote.

Kwa kukosa wa kumwambia, aliniambia mimi. Kila asubuhi nilipopitisha ufagio chini ya meza yake alirudia: aliyebakwa akifika hospitali kabla siku tatu hazijaisha, kuna dawa ya kumkinga na virusi, siku tatu zikipita, dawa hiyo haimsaidii tena. Nililijua hilo kama Baba Yetu.

Ufunguo wa chumba ulikuwa mmoja tu, na uliokaa nao ni mimi.

Mume wangu alikufa Jumatano, kwa figo. Tulimzika Ijumaa. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwa sketi niliyoivaa chini ya kitenge cha matanga, nami nilikuwa nimeusahau kabisa. Ijumaa hiyo mama msikilizaji alikuja nyumbani kuuomba. Alinikuta nimelala kwenye mkeka, akaona haya kumwomba ufunguo mtu aliyetoka makaburini. Akaketi. Jumamosi akarudi, akaona haya tena, akaketi tena. Alimenya viazi na wanawake wa shirika letu la Kikatoliki, ingawa yeye ni Mprotestanti.

Jumapili, karibu saa saba mchana, aliingia msichana ambaye sikumjua kwa jina, ila sura yake niliiona chuoni. Alikuwa amejifunika kitenge kichwani hadi puani, kama wafiwa wanavyofanya. Alipita watu wote, akapiga magoti mbele yangu.

"Mama," alisema chini chini, "bamenambia ni weye uko na ufunguo."

Kisha akaanza kulia. Sijawahi kusikia kilio kama kile. Mimi mwenyewe nilikuwa nimekauka machozi tangu Ijumaa, na wanawake walikuwa wameshaanza kunisema. Nilimvuta, akalaza kichwa kwenye mapaja yangu, mama msikilizaji akasogea upande wa pili. Hapo ndipo alipotuambia, maneno machache machache kati ya kilio na kilio. Alhamisi, saa kumi jioni, msaidizi mmoja wa mwalimu alimwita ofisini achukue silabasi, yale makaratasi ya somo wanayowauzia wanafunzi. Alifunga mlango. Mengine hayaandikwi. Wazazi wake wako Beni, na kwa hali ya ile barabara ya kuviziwa na waasi hakuthubutu kusafiri. Ijumaa alikwenda kwenye chumba cha kibao akakuta kimefungwa. Jumamosi vile vile.

Nilihesabu. Zilibaki saa tatu.

Mama msikilizaji alitafuta karatasi ya kumpeleka hospitali. Karatasi zake zilikuwa zimefungiwa chumbani, na kuzifuata kungekula muda. Alichana ukurasa wa daftari la rambirambi akaandika hapo hapo, chini ya maneno "Poleni sana, tuko pamoja."

Ndipo kivuli kikatuangukia. Ni shemeji yangu, kaka mkubwa wa marehemu, aliyeshuka kutoka Alimbongo kuongoza matanga. Siku hiyo tulikuwa tunafunga matanga, na desturi ya kwetu ni kwamba kabla ya kufunga, ukoo unauliza kama marehemu ameacha mtoto wa nje ya ndoa.

"Shemeji," alisema, na sauti yake haijui kunong'ona, "huyu mutoto ni wa nani?"

"Ni wa chuo," nilijibu. "Namujua."

"Mais analia kukupita weye mujane, bibi ya mufu! Analilia ndugu yangu?"

Kwenye benchi la mbele walikaa wafanyakazi wenzangu wa chuo. Mmoja wao ofisi yake inapakana na ya yule msaidizi, na jambo analolisikia saa mbili, saa tatu liko sokoni. Wote waligeuka. Ningesema hapana, swali lingefuata: basi analilia nini? Sijui kudanganya, nikijaribu, shingo yote inalowa jasho. Mkono wa msichana ulinishika sketi chini ya kitenge, ukavuta mara mbili: usiseme.

Sikusema ndiyo. Sikusema hapana. Nilitazama mkeka. Lakini nilijua vizuri kunyamaza kwa mjane kutaeleweka vipi.

"Eeh," alisema shemeji polepole. "Donc ni vile."

Kwenye benchi la wachomeleaji mtu alipiga paja. "Muzee! Mutu mwenye alikuwaka anaogopa hata kuku!"

"Alitufichaka," mwingine alisema, na niliisikia heshima sautini mwake. "Kumbe alikuwa mwanaume."

"Munyamaze!" shemeji aliwafokea. Akainama. "Iko na mimba?"

Mama msikilizaji alijibu jambo la kweli: "Papa, anapashwa kufika hospitali leo. Leo hii, mbele ya saa kumi."

Shemeji aliruka. Aliita pikipiki mwenyewe, akampandisha msichana kama anayebeba mayai, mama msikilizaji akapanda nyuma. Kisha shemeji akashika usukani kwa mkono mmoja.

"Dereva, ukikimbia nakuchapa. Umebeba damu yetu."

"Papa, mbio kidogo tu," mama msikilizaji alimsihi.

"Hapana! Pole pole!"

Wakaenda hivyo, pikipiki ikinguruma kwa mwendo wa ng'ombe na mzee wa suti nyeusi akitembea kando yake, barabara nzima ya vumbi. Mimi nilibaki mkekani na saa ya ukutani. Walifika saa kumi kasoro dakika ishirini. Muuguzi aliusoma ukurasa wa rambirambi mara mbili, akatoa dawa. Shemeji alikaa nje kwenye ubao hadi jua likazama, na kila aliyemuuliza alimjibu, "Sisi njo familia yake."

Msichana alizimeza dawa zote, siku ishirini na nane. Baadaye alipimwa, akapimwa tena. Hana kitu. Malalamiko juu ya yule msaidizi ameandika kwa mkono wake. Bado tunangoja, na mtu huyo bado anauza silabasi.

Nilimwomba msichana msamaha kwa jina nililoacha apewe.

"Mama, kuitwa bibi ya mufu haikuniuma," alisema. "Mufu hawezi kunifungulia mulango akaufunga."

Shemeji aliuliza habari za mtoto kila mwezi. Nilimjibu kila mara, "Hakuna mtoto, shemeji. Hakukuwa na mtoto." Anafikiri mimba ilitoka, anampa pole. Kutoka Alimbongo hutuma gunia la viazi lililofungwa kwa kamba katikati: juu fungu langu, chini la msichana. Nampelekea.

Mama msikilizaji siku hizi huhudhuria matanga yote ya mtaa na daftari lake, na wasichana wanamkuta huko. Chumba bado nakifagia.

Wachomeleaji, kwa ile heshima mpya, walimtengenezea mume wangu msalaba wa chuma wenye maua na ndege wawili. Haufanani naye hata kidogo. Jumapili naufuta vumbi, namweleza tena kwa nini nilinyamaza. Hajibu. Hata alipokuwa hai hakuwa mtu wa kujibu. Ila nikimtajia wale ndege, nadhani anaona haya.