Kijiji cha Kwenda Kufia

Ng'ambo ya Mwanza, ukishuka kivukoni Kamanga na kuiacha barabara kubwa, kipo kijiji ambacho miaka ile ya tisini watu walikuwa wakirudi kufia. Kijiji hakikuwaua. Waliuawa na walikotoka, lakini kifo huhesabiwa pale pumzi ilipokatikia, wala hakuna anayeuliza maradhi yalianzia wapi. Jambo dogo hilo, ambalo hata mtoto wa darasa la nne angelielewa akielezwa taratibu, ndilo lililommaliza Paskazia.

Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye mikono mipana na maneno machache. Mumewe, Chenge, alilima pamba, na kwa pamba hiyo hawakuwahi kulala njaa. Kisha ikaja ruksa ya kila mtu kununua na kuuza atakavyo. Ushirika ukachukua pamba ya watu kwa ahadi, wanunuzi binafsi wakaja na mizani yao iliyojua kusema uongo, na Chenge akafa kwa tumbo, kifo cha kawaida ambacho hakuna aliyekitilia shaka. Ng'ambo huko Mwanza viwanda vya minofu ya sangara vilikuwa vikifunguliwa, na vijana wakavuka. Watoto wa Paskazia nao wakavuka wote. Yeremia akawa utingo wa malori, Nestory akaingia kiwandani, na Getruda, kitinda mimba, akauza mitumba.

Walivuka wakiwa na miili yao. Yeremia alirudi amebaki macho na meno. Mjini walisema "kakanyaga waya", yaani ana ukimwi, na kuendelea na biashara zao. Kijijini hawakuwa hata na neno. Walichokuwa nacho ni desturi: mtu hafii ugenini kama kwao kupo, na hulazwa kando ya baba yake. Sasa, kumvusha maiti kunataka jeneza, kibali na gari, lakini mgonjwa anayepumua huvuka kama abiria mwingine yeyote. Kwa hiyo ndugu waliokuwa mjini walimchungulia mgonjwa wao kama maziwa jikoni, na siku alipoanza kukataa uji walimkimbiza kivukoni. Wengi walikata roho siku chache tu baada ya kufika. Mjini kukabaki na wazima, kijijini kukabaki na makaburi.

Paskazia alimuuguza Yeremia, kisha Nestory. Akajifunza kumgeuza mtu bila kumchubua, kumnywesha uji kwa ncha ya kitambaa, kumwosha bila kumwaibisha. Ndipo jirani yake Bernadeta akaja analia: mwanawe ameletwa, naye anaogopa kumgusa. Paskazia akaenda, akamwosha kijana yule hadi siku ya mwisho, wakati mama mzazi amesimama nje na kanga mdomoni. Baada ya hapo akaitwa nyumba nyingine, na nyingine. Ikawa kila kifo kinapoingia mahali, kinamkuta Paskazia ameshakaa.

Siku moja akaja bwana afya wa wilaya kwa pikipiki. Alikuwa na nia njema, na nia njema ikiwa na haraka huumiza watu vibaya sana. Akakusanya watu shuleni, akawaambia, "Ndugu wananchi, mjini vifo vinapungua mwaka hadi mwaka. Kwenu hapa vinapanda. Wilaya nzima hakuna kijiji kinachozika kama hiki. Chemsheni maji, chimbeni vyoo." Hakusema hao wanaozikwa hapa wamefikaje hapa. Akawasha pikipiki yake, akaenda zake kula.

Watu wakabaki kila mmoja akipiga hesabu yake. Mihayo, mkuu wa sungusungu, walinzi wa kijiji, ndiye aliyeisema kwa sauti.

"Ziwa ni hilo hilo, samaki ni hao hao, watoto ni wetu hao hao. Wakiwa kule wanaishi. Wakija huku wanakufa. Huku kuna mtu."

Hakutaja jina, na hakukuwa na haja. Walishaanza kumtazama Paskazia.

Kesho yake Mihayo alifika kwa Paskazia kwa adabu zote, akavua kofia.

"Shikamoo, mama Yeremia."

"Marahaba, baba. Karibu."

"Sikai. Walitaka kukufukuza jana ile ile, nyumba ivunjwe. Nimewazuia kwa heshima ya marehemu mzee. Lakini akifa mwingine mkononi mwako hapa kijijini, mimi sitakuwa na mdomo. Utaondoka, na makaburi hayo hutayakanyaga tena."

Vijiji vingine vingemmaliza kwa panga, na Mihayo alijiona mstaarabu. Paskazia alitazama makaburi matatu nyuma ya nyumba, mume na wana wawili, na nafasi iliyobaki pembeni ambayo tangu zamani alijua ni yake. Hakuwa na mali nyingine duniani ila hiyo.

Mwezi haujaisha, zikaja habari: Getruda hajiwezi.

Paskazia alivuka, akamkuta Igogo, mjini, katika chumba alichopanga na mwenzake Winnie. Getruda alipomwona mama yake alilia kwa furaha, akajaribu kuketi. Winnie alikuwa ameshafunga mzigo, kanga mbili na sufuria. "Mama, mkiwahi mtavuka na kivuko cha asubuhi," alisema.

Paskazia akaketi, akaufungua ule mzigo, akarudisha sufuria chini. "Hatuvuki," alisema. "Upate nguvu kwanza."

Kutoka mlangoni ng'ambo ya kwao ilionekana, hata moshi wa majiko. Kila asubuhi Getruda aliuliza, na kila asubuhi alipewa uongo mpya: maji yamechafuka, kivuko kimeharibika, daktari amekataza. Hakuna daktari aliyekuwa amemwona. Hospitali siku hizo ilitaka kwanza uchangie, nao hawakuwa na cha kuchangia. Mwisho Getruda akachoka kudanganywa.

"Kaka zangu uliwapokea. Mimi nimekosa nini?"

Paskazia akamwambia yote, bwana afya, Mihayo, makaburi. Alidhani ukweli ungemtuliza mtoto. Kuna kweli ambazo mtu angekufa nazo tumboni ingekuwa heri, na hii ilikuwa mojawapo.

Getruda alisikiliza mpaka mwisho. "Kwa hiyo nizikwe na nisiowajua," alisema, "ili wewe ulale na baba."

Akageukia ukutani. Tangu hapo hakupokea uji mkononi mwa mama yake. Aliupokea kwa Winnie tu. Mwanamke aliyewanywesha watoto wa kijiji kizima alikaa pembeni akitazama mwanawe ananyweshwa na mwingine. Hata hivyo hakumvusha. Getruda akafa, akazikwa makaburi ya mjini, katikati ya wageni. Paskazia alilia mpaka sauti ikakauka, na ndani ya kilio kile palikuwa na unafuu, naye aliuona, akajichukia.

Wakati huo wote kijijini hapakuchimbwa kaburi. Haikuwa ajabu: baada ya ule mkutano kila mzazi alipeleka ujumbe ng'ambo, mwanangu usije, huku kuna mtu anakula watu. Wagonjwa wakabaki walipo, wakafia huko. Na kama vile Mungu naye alitaka kutania, mzee Ndalahwa, ambaye wanawe walikwisha kununua mbao za jeneza, aliamka siku moja akaomba ugali.

Paskazia aliporudi alikuta watu wamekusanyika shuleni. Akadhani wamekuja kumpa pole.

"Getruda yuko wapi?" Mihayo aliuliza.

"Amefariki. Nimemzika mjini."

Asante ya punda ni mateke, na aliyesimama kuyatoa alikuwa Bernadeta. "Mmesikia wenyewe. Tangu aondoke huku hajafa mtu. Alikokwenda, mtu kafa, tena wa tumbo lake. Mnataka ushahidi gani tena?"

"Watoto wenu wanafia huko huko," Paskazia alisema. "Ni vile tu hamletewi."

"Mjini watu hawafi," Bernadeta akajibu. "Serikali ilikuja ikatuambia."

Paskazia alimtazama Bernadeta, kisha Mihayo, kisha wengine wote ambao watoto wao aliwaosha. Hakuonekana kuwa na hasira. Alikuwa kama mtu anayerudia hesabu aliyokosea.

"Basi ningemleta," alisema.

Hakuna aliyeuliza nani. Mihayo alimwambia achukue anachoweza kubeba, kwa kuwa kivuko cha jioni kilikuwa hakijaondoka.