Vipimo vya Mzimu

Mimi ni fundi wa nguo, na sina subira na mteja anayekataa kupimwa. Wanawake huvuta tumbo ndani, wanaume hujinyoosha kwa vidole vya miguu, nami huwagombeza wote mpaka wasimame kama Mungu alivyowaumba. Lakini sikuwahi kukutana na ukaidi kama wa shemeji yangu.

Shemeji ni Mwigbo, mtu wa Afrika Magharibi. Amemwoa mdogo wangu, na Kiswahili chetu cha Lubumbashi alijifunza mezani, huku akila. Siku hiyo aliingia dukani kwangu, mtaa wa La Rochelle, huku kusini mwa Afrika tulikohamia, akafunga mlango nyuma yake, akaanza kunong'ona, akiniita Yaya, yaani dada mkubwa.

"Yaya, nataka nguo ya kubana. Kubana kabisa, toka shingo mpaka miguu."

"Ya nani?"

"Si ya muntu. Ni ya mzimu."

Akanieleza. Chama cha watu wa kwao kilikuwa kinaandaa sikukuu ya viazi vikuu vipya, na siku hiyo mzimu wao ungetoka kucheza. Mzimu wenyewe ni msichana mrembo: kinyago cha mti kilichopakwa rangi nyeupe, pua nyembamba, nywele zimesukwa kwenda juu. Anayecheza ni mwanaume, ila hilo halisemwi. Kwao, msichana huyo ametoka chini ya ardhi na ndani yake hakuna mtu.

"Sawa," nikasema. "Kiuno chake inchi ngapi?"

"Hana kiuno. Ni mzimu."

"Alipotoka chini ya ardhi alikuwa mnene ao mwembamba?"

Shemeji akatazama dari. "Eish, Yaya. Shona kama kwa muntu wa ukubwa wangu. Lakini si mimi."

Nikanyoosha tepu. Akaruka nyuma mpaka akagonga mashine ya ovaloki. Kumpima kungekuwa kukiri kwamba kuna mtu ndani.

Ningemfukuza, kusema kweli, kama mdogo wangu asingekuja jioni kunieleza yaliyokuwa nyuma ya pazia. Msichana yule alikuwa akichezwa kijijini na baba yake shemeji. Mzee alipofariki, shemeji alishindwa kwenda kuzika kwa sababu karatasi zake za ukimbizi hazikumruhusu kuvuka mpaka. Sasa wazee wa chama walikuwa wamemkabidhi msichana wa baba yake, mara moja, kwa majaribio. Ngozi ya mtu ikionekana, basi. Atakuwa ndiye aliyemvua nguo mzimu, na hatakaribishwa tena.

Mdogo wangu alikuwa ameniletea suruali ya mumewe ndani ya mfuko wa plastiki, kwa siri. Nilipima suruali ile nikajisifu kwa werevu wangu. Nikashona viraka vyekundu, vya njano na vya kijani, nikabana kila mshono. Sikuuliza suruali ilivaliwa lini mara ya mwisho. Ilikuwa ya harusi. Tangu harusi, mdogo wangu amemlisha mtu yule bukari, ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo miaka sita mfululizo.

Siku ya sikukuu, uwanja wa Kensington, mtaa mwingine wa jiji letu, ulijaa. Filimbi ikalia, ngoma zikajibu, na msichana akatoka na njuga zake kiunoni, akitikisa mabega kwa madaha. Watu wakapiga vigelegele. Kisha akachuchumaa kucheza chini, na mimi, ambaye macho yangu hayaendi popote ila kwenye mishono, nikaona mshono wa makalio unaanza kuachia. Kipande cha bukta ya bluu kikachungulia. Msichana kutoka chini ya ardhi, na bukta ya mistari!

Nikachomoa sindano niliyoichomeka kwenye ukosi nikaenda mbio. Mlinzi wa mzimu akanizuia kwa fimbo: mwanamke hasogei.

"Mzimu wenu unaonyesha chupi," nikamwambia.

Akageuka, akaona, akamwita mzee wa chama. Wanaume wakakusanyika kuziba nyuma ya msichana kwa migongo yao. Kati yao wote hakuna aliyejua hata kupitisha uzi kwenye tundu la sindano. Mzee akafikiri. Kwao, alisema, yuko mwanamke mmoja anayeweza kumkaribia mzimu: yule aliyekwisha kuacha kuzaa. Akanitazama. Ngoma nazo zikachagua wakati huo kunyamaza.

"Mama," akauliza kwa sauti ya mkutano, "wewe bado unazaa?"

Mstari wa mbele walikaa wanawake wa kanisa langu, ambao kwa miaka mingi wanajua nina arobaini na mbili. Pembeni yao alikaa mgane mmoja wa kwaya aliyekuwa ameanza kuniletea parachichi.

"Nimeacha!" nikapaza sauti. "Zamani! Nina hamsini na sita!"

Mwanamke mmoja akasema "Yesu!" Parachichi sijaziona tena.

Wakazungusha vitenge kama pazia. Nikapiga magoti nikashona kwa uzi wa mara mbili. Mapaja yale yalikuwa yakitetemeka kwa woga, na kicheko chote kikaniisha. Nikasema taratibu, "Tulia, mwanangu." Nikakata uzi kwa meno, mahali ambapo sipendi kukumbuka.

Filimbi ikaita tena. Msichana akageuka, uso wake mweupe ukaniinamia, kisha akaenda. Alicheza jinsi ambavyo shemeji, mtu wa kugonga meza kila anapoinuka, hawezi kucheza. Nikasahau mshono. Machozi yakanitoka, sikuyafuta.

Mdogo wangu akanivuta mkono. "Yaya, ona bwana yangu vile anacheza!"

"Bwana gani?" nikamkaripia. "Nyamaza tumwangalie huyu mtoto wa kike."