Kichwa cha Tindo

Simpendi shemeji yangu, na nawaambia mapema ili msije mkasema nimewaficha. Tangu siku alipokuja kwetu kumposa mdogo wangu, meno yote nje, damu zetu hazikupatana. Alikuwa dereva wa lori. Mtaa mzima unamwita Dereva mpaka leo, ingawa lori lilimbana mkono wa kushoto na vidole vitatu havikunji tena. Kazi ikaisha, akarudi nyumbani. Mtu mwingine angetulia, akapumzika. Yeye akaamua kuwa mhunzi!

Mhunzi ni mimi. Nimefua chuma tangu ndevu hazijaota. Nimeungua mikono, nimetukanwa na bwana aliyenifundisha, hadi nikaijua rangi ya chuma kilichoiva kama ninavyoijua sura ya mama yangu. Huyu akakaa uani kwake, simu mkononi, anatazama video. Baada ya wiki moja akaanza kuokota vyuma chakavu. Rimu ya gari akaikandika udongo ndani, akaitia mkaa, ikawa tanuri. Feni ya gari bovu akaiunganisha na betri, eti ndiyo mvukuto. Kipande cha ekseli akakichimbia kwenye gogo, kikawa fuawe, na juu yake anaponda vyuma vyake kutwa nzima. Nondo mbili akazipinda zikawa koleo, na kwa kuwa mkono wake haubani sawasawa, akalivisha pete kwenye mipini. Ukiisukuma ile pete, koleo linang'ata lenyewe.

Pete ile ilinikera kuliko vyote. Niliigeuzageuza nikitafuta kasoro, nikakosa. Makoleo yangu hayana kitu kama kile.

"Vipi, shemeji?" aliniuliza mbele ya fundi bomba na majirani waliokuja kushangaa. "Wewe ulichosotea miaka mitano, mimi nimekijua kwa miezi mitatu. Huyo bwana wako alikuwa anakufulisha nguo zake tu!"

Watu wakaangua kicheko. Hata mdogo wangu alicheka, kajiziba mdomo kwa kiganja lakini mabega yanamtikisika. Nikacheka nao. Moyoni nilikuwa natokota.

Basi akaona amenoga, akataka kutuonyesha ufundi papo hapo. Akachukua kipande cha springi ya gari, akakifua kikawa tindo ya kukatia chuma. Umbo lilimtoka vizuri, siwezi kusema uongo. Kisha akaipasha moto tindo nzima, toka ncha mpaka kichwa, akaitosa yote kwenye ndoo ya maji. Chwaaa!

Hapo nilishtuka. Tindo huzamishwa ncha peke yake, kwa sababu ncha ndiyo inayokata. Kichwa, pale nyundo inapogonga, lazima kibaki laini. Kikiwa kigumu kinapasuka kama glasi, na kipande kinaruka. Mwenzangu mmoja niliyejifunza naye alipoteza jicho hivyo hivyo, mchana kweupe. Video haikumwambia Dereva hilo, au ilimwambia naye akairusha mbele kwa pupa zake.

Maneno yalinifika kooni. Shemeji, irudishe motoni kichwa kilainike. Ni hayo tu! Nikamwona anavyoinyanyua juu, anawaonyesha watu, kidevu kimepanda kama kashinda kombe. Nikasema kimoyomoyo: shauri yake. Akipasuka uso apasuke. Nikavaa kofia yangu nikaondoka, na nawaambia ukweli, nilikuwa napiga mluzi.

Nilichosahau ni ule mkono mbovu. Mtu asiyeweza kushika tindo ikistahimili mshindo, lazima atafute wa kumshikia. Jumamosi asubuhi nikapita kwao, nikamkuta mdogo wangu amechuchumaa mbele ya fuawe. Ameishika tindo kwa lile koleo la pete, kainamisha uso karibu ili auone mstari wa kukata, na mume wake anagonga kwa nyundo nzito. Kwenye kichwa cha tindo palishaingia ufa, mwembamba kama unywele. Niliuona nikiwa nimesimama.

"Hebu ngojeni," nikasema.

Dereva akashusha nyundo, akajifuta jasho. "Karibu, mwanafunzi! Umekuja kuchukua somo la pete?"

"Kaka, vuta kiti ukae," mdogo wangu akadakia, anacheka. "Mwalimu anamalizia."

Yule nilimbeba mgongoni akiwa mdogo. Nilimfundisha kuhesabu. Na sasa ananicheka kwa ajili ya yule bwege! Damu ilinipanda mpaka masikio yakaziba.

"Nilikuwa napita tu," nikasema.

Nikapita. Mtu mzima mimi, na akili zangu timamu, nikapita. Nilijiambia nitamwita pembeni kesho, nimwambie peke yake, yule mpumbavu asisikie. Sikufika hata kona. Nyundo ililia mara nne, mara tano, ikanyamaza, halafu nikasikia mdogo wangu anapiga yowe.

Daktari alitoa kipande kidogo kuliko punje ya mchele. Jicho la kulia halikupona.

Aliporuhusiwa kutoka hospitali nilikwenda kumwona. Alikuwa amekaa kitandani, bandeji nusu ya uso. Dereva alikuwa chini, kaegemea kabati, ndevu hazijanyolewa. Aliichukua ile tindo iliyovunjika, akanipa kwa mikono miwili.

"Shemeji, wewe ndiye unayeijua hii kazi. Mimi sijui kitu. Nilikosea wapi?"

Jamani! Miezi mitatu niliyangoja maneno hayo. Nilishapanga hadi jinsi nitakavyomjibu, na watu wawepo wasikie. Sasa yamekuja, natamani ardhi inimeze.

"Kichwa," nikasema. "Ulikitosa majini. Huwa hakitoswi."

"Laiti usingeondoka kabla sijaitosa, ungenikataza." Machozi yalikuwa yanamtiririka.

"Alikuwepo," mdogo wangu akasema. Sauti yake ilikuwa ya chini, haina hasira. "Alisimama karibu na ndoo, maji yakamrukia suruali. Kaka, na Jumamosi uliposema tungoje, ulitaka kusema nini?"

Ningeweza kudanganya. Ulimi ulikuwa tayari kabisa.

"Nilitaka kuwaambia muiache hiyo tindo. Ilikuwa na ufa."

"Mbona hukusema?"

Nilitafuta sababu ya maana, sababu ya mtu mwenye umri wangu na kazi yangu. Sikuwa nayo.

"Ulinicheka," nikasema.

Aliniangalia kwa lile jicho lililobaki. Kisha akamwomba mume wake amsaidie kugeukia ukutani.