Boga la Ghorofa ya Nne

Mpambaji wa maharusi alikuwa na mkono mwepesi na kichwa kigumu. Alipoamua kupanda boga barazani, ghorofa ya nne, mumewe, fundi wa friji, hakujisumbua kubisha. Alimletea droo ya friji mbovu ajazie udongo.

Mbegu ikaota, mizizi ikashika, shina likatambaa juu ya kamba ya nguo. Vikono vyake vikajisokota kwenye shati la kazi la mume, ikabidi alikomboe kwa mkasi. Kisha maua yakachanua, makubwa, ya manjano. Asubuhi yanafunguka, baadaye yanaanguka. Boga, hakuna.

"Labda maji hayatoshi," mume akasema.

"Wewe tengeneza friji."

Mama mkwe alipokuja kuwatembelea, alivaa miwani akageuza ua moja moja, kama mtu anayechagua kitambaa dukani.

"Mwanangu, haya yenye kikonyo chembamba ni madume. Hili lenye kinundu chini yake ni jike. Chavua ya dume isipofika hapa katikati ya jike, mbegu hazishiki, na kinundu kinanyauka."

"Inafikaje, mama?"

"Nyuki ndio wanaoibeba. Sasa nyuki gani atapanda huku? Mimi mwenyewe nimepumzika kila ghorofa."

Kesho yake asubuhi mpambaji alitoa brashi laini ya poda kwenye mkoba wa kazi. Akaipitisha ndani ya ua dume hadi ikawa njano, kisha akaigusisha taratibu katikati ya jike. Mume akatokea na mswaki mdomoni.

"Unalipaka poda ua?"

"Naozesha. Usiniharibie."

Saa ikamkimbia. Akatupa brashi mkobani, akaenda kumpamba bibi harusi wa siku hiyo. Mashavu yalitoka yaking'aa kama dhahabu, hata shangazi wa bibi harusi akataka apakwe hivyo hivyo. Mara bibi harusi akapiga chafya. Akapiga nyingine. Wanja ukamtiririka mpaka kidevuni.

"Dada, umenipaka nini?"

Mpambaji akaitazama brashi. "Chavua," akasema kwa sauti ndogo. "Ya boga. Dume."

Bibi harusi akacheka hadi wanja uliobaki nao ukamalizika. Wakamnawisha, wakaanza upya. Bwana harusi, aliyekuwa akisubiri nje, aliposikia mchumba wake anatokwa machozi, naye akaanza kulia, na hakuna aliyeweza kumnyamazisha.

Nyumbani, kinundu kilikuwa kimeshika. Kilinenepa hadi kamba ya nguo ikalegea, fundi akalisukia boga kikapu cha waya na kulining'iniza dirishani. Mpambaji alilionyesha kwa kila mgeni, hata msoma mita. Siku ya kulipasua, mama mkwe alikomba mbegu zote akazianika kwenye sinia.

"Hizi tunazipanda zote," mpambaji akasema.

Mume akaitazama baraza, akamtazama mama yake. "Zikiota zote, mimi nitalala wapi?"