Kiti cha Mlangoni

Majirani zangu hapa Kihonda wana adabu nzuri ya kuuliza maswali yanayouma. "Mama, gari lenu siku hizi hatulioni. Mmeliuza?" Huwa najibu kwamba liko kwa fundi. Fundi gani huyo anayekaa na gari tangu shule zifunguliwe, hata mimi sijui, lakini jibu ni hilo na nitaendelea kulitoa. Ukweli ni kwamba gari ni zima, linatembea kila siku ya Mungu. Linatembea Mgeta, kule milimani kwa kina mume wangu, limebeba kabichi.

Nianze na binti yangu, maana gari lilikuwa lake. Ndiye mtoto wetu wa pekee, na miguu yake haijawahi kumbeba. Nilimbeba mimi. Shule ya msingi yote aliisoma akitoka mgongoni kwangu: asubuhi nampeleka, mchana namrudisha, katikati nakaa kwenye cherehani nashona sare za watoto wa watu. Kiti mwendo alikuja kukipata akiwa mkubwa, na barabara zetu za huku hazikitaki. Mvua moja tu, magurudumu yananasa.

Alipofaulu kwenda sekondari, shule ikawa upande wa pili wa mji. Aliniita, akaniambia nikae. "Mama, shule nitaenda. Lakini sitaki kubebwa tena." Hakuwa anadeka. Alikuwa msichana mkubwa sasa, na ili apande bajaji lazima dereva amkumbatie mbele ya watu, asubuhi na jioni, wiki nzima. Hata ningekuwa mimi nisingekubali.

Basi tukaamua kununua gari. Mume wangu yuko kiwandani, mimi mshonaji, kwa hiyo msidhani tulikuwa nazo. Tulidunduliza, tukajinyima, mwishowe tukauza na kiwanja tulichokuwa tumekiweka kwa ajili ya uzeeni. Mume wangu akatoa sharti moja: gari lisiwe limechoka. "Namba E," akasema. "Chini ya hapo unanunua ugonjwa." Hapa kwetu umri wa gari unasomwa kwenye herufi ya namba yake, na lenye E limeingia barabarani juzijuzi tu, bado lina harufu ya dukani.

Tulizunguka yadi zote za mjini. Madalali walitufungulia boneti, wakatuwashia injini, wakatuapia. "Mama, gari hii haijatembea kabisa. Mwenyewe ni daktari, alikuwa anaendea kanisani tu." Kwa jinsi nilivyosikia, kila gari Morogoro lilikuwa la daktari anayeendea kanisani. Sijui hospitali walikuwa wanakwenda na nini!

Mimi injini sikuitazama. Nilikuwa nasogeza kiti mwendo mlangoni, namwambia binti yangu, "Jaribu." Moja lilikuwa refu, akaning'inia akashindwa. La pili mlango haukufunguka vya kutosha. Jingine aliingia nusu, akateleza, baba yake akamdaka, na akakasirika kudakwa kuliko ambavyo angekasirika kuanguka. Dalali mmoja akaanza kuangalia saa. Nikamwambia angalie vizuri, maana bado tupo.

Halafu tukaliona lile la rangi ya fedha. Viti saba, mlango wa pembeni unateleza wenyewe, sakafu iko chini. "Viti saba na nyie mko watatu?" dalali akauliza. Binti yangu alishika ukingo wa mlango kwa mkono mmoja, kiti kwa mkono wa pili, akajivuta, akajigeuza, akakaa. Kile kiti cha mlangoni. Alikaa pale kama bibi harusi, akamtazama baba yake aliyekuwa kwenye usukani. "Haya, dereva, twende shule!" Tulicheka wote watatu. Mimi nikaishia kulia palepale yadini, na dalali akadhani nalilia bei, akapunguza.

Shule ilikuwa ifunguliwe Jumatatu. Jumamosi mume wangu akasema, "Kwanza lipande Mgeta, mjomba alione."

Mimi ni mtu wa Singida, nimeolewa na Mluguru. Kwao mjomba, kaka wa mama, ndiye mkubwa wa ukoo. Baba ni baba, anaheshimiwa, lakini neno la mwisho liko kwa mjomba. Na huyu wa mume wangu ndiye aliyemlea na kumsomesha kwa karoti za shamba lake. Sikuwa na ubishi. Mpwa akipata kitu kipya anakipeleka, mjomba anauliza mbele za watu, "Cha nani hiki?" Mpwa anajibu, "Ni chako, mjomba." Naye mjomba anasema, "Nakurudishia, kikufae." Hapo ndipo kitu kinakuwa na baraka. Nimeona ikifanyika kwa redio, nimeona kwa baiskeli. Hata mimi nilipopelekwa bibi harusi niliulizwa ni wa nani, mume wangu akajibu kwamba ni wa mjomba, na mzee akamwambia, "Nakurudishia, kaa naye vizuri." Nilicheka siku ile hadi kilemba kikanidondoka.

Tukapanda, sote watatu. Baridi, ukungu, kona juu ya kona, na binti yangu dirishani anaipungia mkono kila kabichi. Tulipofika watu walijaa. Mjomba alitoka na koti lake refu na rozari shingoni, akalizunguka gari, akaligonga tairi kwa fimbo, akalinyunyizia maji ya baraka.

"Gari la nani hili?"

Mume wangu akakunja mikono kifuani. "Ni lako, mjomba."

Vigelegele! Na mimi nilipiga, tena vya juu. Tukanyamaza kumsikiliza mzee akirudisha.

Mzee hakurudisha. Aliufungua mlango wa pembeni, akaingiza fimbo, akawa anagusa viti kimoja kimoja. "Viti saba," akasema. "Nyie mko watatu. Sisi huku wagonjwa wetu wanashushwa kwa machela kwenye utelezi." Akaufunga mlango. "Liacheni kwanza kidogo."

Nilimtazama mume wangu. Alikuwa anatazama viatu vyake.

Tulishuka na lori la mboga. Binti yangu alipandishwa juu ya magunia na wanaume wawili, huyu kashika makwapa, yule kashika miguu. Hakulia. Aligeuza uso akatazama milima njia nzima.

Nyumbani nililipuka. "Ulimi wako ulikuwa umekwenda wapi?"

"Neno la mjomba halirudishwi, mke wangu. Amesema kidogo."

"Kidogo ya Mgeta ina urefu gani?"

Akachukua ndoo, akatoka kwenda bombani. Mume wangu si mtu mbaya, na hilo ndilo linalonitia uchungu zaidi. Angekuwa mlevi au mhuni ningejua pa kumshikia. Huyu ni mpole, anasali, anamkata binti yake kucha. Kwa mjomba tu ndipo anapokuwa mtoto.

Jumatatu binti yangu alivaa sare niliyomshonea, akakaa kwenye kiti mwendo barazani. Nilikuwa nimeita bajaji. Dereva alishuka, akajipangusa mikono kwenye suruali, akamsogelea ili ambebe. Binti yangu akasema, "Asante kaka, usinishike." Akageuza kiti, akarudi ndani. Kesho yake ikawa hivyo hivyo. Siku ya tatu hakuivaa tena sare.

Habari za gari zilikuwa zinatufikia. Limemshusha mama mjamzito usiku, akajifungulia hospitali salama. Mungu amkuzie mwanawe, mimi si mchawi. Limepeleka watu msibani. Limekwenda harusini kwa mpwa mwingine. Halafu mtu mmoja anayeleta mboga sokoni akaniambia, akidhani ananifurahisha, "Mama, gari lenu linapiga kazi! Leo limeshusha karoti."

Karoti! Nilifunga cherehani, nikamwachia jirani binti yangu, nikapanda mwenyewe.

Nililikuta limeegeshwa pembeni ya njia, mlango umebonyea, ndani limejaa kabichi hadi kwenye paa. Viti vya nyuma vilikuwa vimeng'olewa vyote. Nikaenda hadi kwa mzee. Alikuwa barazani anaota jua, na amekalia kiti cha gari, chini kimewekewa matofali kisiyumbe. Nilikijua. Kilikuwa kile cha mlangoni, kina alama ya wino ubavuni ambayo dalali alijaribu kuifuta mbele yetu.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mkamwana. Vuta kigoda ukae."

Sikukaa. Nilimwambia, "Mjomba, mtoto wangu haendi shule. Gari lile ndiyo miguu yake."

Akauliza, wala si kwa ubaya, "Huyo mtoto ni wa ukoo gani?"

Kwao mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Kwetu Singida mtoto ni wa baba. Kwa hiyo wao wanamhesabu ni wa kwetu, na kwetu wanamhesabu ni wa kwao, na binti yangu yuko katikati hapo, hana mtu.

"Mtoto ana wajomba zake," mzee akasema kwa upole kabisa. "Wajomba zake wa Singida wamsaidie. Mimi nina wapwa zangu huku, nao wana watoto." Hakuwa ananitukana. Alikuwa ananielimisha, kama mtu anavyomwonyesha mgeni njia ya kwenda sokoni.

"Kwetu Singida mjomba anakuja harusini anakula nyama, anaondoka," nikamwambia. "Na hicho ulichokalia ni kiti cha mwanangu. Simama."

Wanawake waliokuwa wanafunga vitita vya karoti uani waliinua vichwa. Nadhani hakuna aliyewahi kumwambia mzee yule asimame. Alinitazama, akashika fimbo yake, akasimama. Nilikiondoa kiti kwenye matofali, nikapiga kata ya khanga kichwani, nikajitwisha, nikashuka nacho hadi yanapopakilia malori. Kilikuwa kizito, shingo iliniuma wiki nzima. Gari lenyewe sikuliweza. Kadi ina jina la mume wangu, na mume wangu alishasema ni la mjomba mbele ya kijiji kizima.

Nilifika jioni, nikakiweka sebuleni. Binti yangu alikitazama kwa muda. Halafu akasogeza kiti mwendo, akafunga breki, akashika ukingo wa meza kwa mkono mmoja, kiti kwa mkono wa pili, akajivuta, akajigeuza, akakaa. Mwenyewe. Hakuwa amesahau hata kidogo.

Baba yake alikuwa ndiyo anaingia kutoka kazini, mfuko wa chakula mkononi, kasimama mlangoni.

"Haya, dereva," binti yangu akasema. "Twende shule."

Safari hii hakuna aliyecheka. Mume wangu aliweka mfuko chini, akatoka nje. Nilisikia bomba la uani likifunguliwa, na maji yakamwagika muda mrefu, na sikusikia ndoo yoyote ikijaa.