Mama alipimwa mwendo mbele ya mkwe wake, kompyuta ikasema huenda asimalize mwaka

Wakuu, salaam kutoka Kasongo. Haya nimeyaona kwa macho yangu. Atakayebisha abishe kwa adabu, maana hata sasa sijatulia.

Mama yangu ni mkulima wa Kabambare. Valvu moja ya moyo wake ilikakamaa, damu ikawa inapita kwa shida. Akisonga ugali, anakaa chini kabla haujaiva.

Kumpasua kifua kwa umri wake ilikuwa hatari. Tukaelekezwa hospitali moja nje ya nchi, wanapitisha mrija kwenye mshipa wa paja hadi moyoni na kuweka valvu mpya humo humo.

Tukaenda watatu: mama, mimi na shemeji, mume wa dada yangu, mfanyabiashara wa dhahabu pale Salamabila. Kiingereza anakijua yeye tu, akawa mkalimani.

Sasa sikilizeni. Kabla ya kukubali, madaktari hukadiria mgonjwa ataishi vipi baada ya valvu. Umri, figo, damu, nguvu za mkono, vyote vinaingia kwenye kompyuta. Na mwendo pia: unatembea koridoni kama kawaida yako, daktari kashika saa.

Shemeji akasimama na daktari kule mwisho. Mama akaenda pole pole mno, uso chini, bega ukutani.

Jibu: dhaifu sana. Hata akipata valvu, huenda asimalize mwaka. Daktari akashauri tumrudishe nyumbani na dawa tu.

Wakuu, sikuweza kukaa. Natoka nje, naingia, natoka tena. Nilikuwa na hasira na sijui ni ya nani. Asubuhi ile ile mama alinitangulia kwenye korido hiyo hiyo!

Nikamuuliza. Akaniangalia kama nimerukwa na akili.

"Mukwe alikuwa amesimama pale mbele. Niende mbio kumufuata mukwe? Ile ni heshima gani?"

Kwetu mama mkwe hamkabili mkwe wake. Sote tunalijua hilo tangu utotoni, ila hospitali ilitupumbaza.

Nikamwambia shemeji, naye akamweleza daktari, kwa aibu, kisha akatoka hadi barabarani. Mama akarudia. Alihema, lakini alitembea. Makadirio yakabadilika, valvu ikawekwa.

Leo yuko kwangu, anapika na kugomba. Ila daktari alisema wazi kwamba kompyuta inakadiria, haiahidi. Basi akinyamaza tu chumbani, naenda kuchungulia kama anapumua.

Nilichojifunza: mgonjwa wako akipimwa, angalia pia nani kasimama mbele yake.

Juzi mama alinifuma mlangoni kwake.

"Miye niko naishi," akasema. "Weye je, uko unaishi?"

Haya, wakuu. Wenye wazazi waliowekewa valvu, nyie mnalalaje?